Programu ya bure yawapa wanyonge mizani ya safari za angani

MKULIMA wa viazi asiye na mizani huuza kwa jicho la dalali. Gunia hurefushwa kwa kamba na kushindiliwa mpaka likawa lumbesa, lakini yeye hulipwa la gunia moja, na kilo zilizozidi huwa faida ya mtu mwingine. Ndiyo sababu kanuni za viazi za mwaka 2019 nchini Kenya ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Tatizo la aina hiyo lipo pia katika biashara ambayo wakulima wengi hudhani haiwahusu hata kidogo, nayo ni biashara ya setilaiti.

Nchi, chuo kikuu au kampuni ndogo inayotaka setilaiti yake hununua chombo chenyewe, nafasi ndani ya roketi, na mara nyingi huduma ya kukiongoza kikishafika angani. Muuzaji huja na hesabu zake mkononi: chombo kitapita mara ngapi juu ya mashamba, kitahitaji mafuta kiasi gani na kitadumu miaka mingapi kabla ya kuanguka. Mnunuzi asiyeweza kupiga hesabu hizo mwenyewe hana budi kuamini anachoambiwa.

Kwa miaka mingi mizani ya kupimia mambo hayo ilikuwa mikononi mwa mashirika makubwa ya serikali na kampuni chache zinazouza programu za kompyuta kwa leseni. Siku hizi mambo ni tofauti. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kupakua, bila kulipa hata senti, programu ambayo Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) hulitumia kupanga safari za vyombo vyake.

Programu hiyo huitwa GMAT. Ilitengenezwa katika kituo cha NASA cha Goddard, mjini Greenbelt, jimbo la Maryland, kwa kushirikiana na kampuni za kibinafsi na wachangiaji wengine, na ikaanza kutolewa kwa umma katika miaka ya 2000. Ni programu huria, kumaanisha kwamba haitolewi bure tu, bali hata maagizo yaliyoandikwa ndani yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyakagua na kuyabadilisha.

Mfanyabiashara yeyote atauliza maswali mawili. Kitu kama hicho kinamsaidiaje mtu wa kawaida? Na kama ni cha bure, nani anayelipa?

SETILAITI NA SHAMBA

Mkulima hahitaji kumiliki setilaiti ili imguse. Bima ya mifugo iliyoanza kuuzwa kwa wafugaji wa Marsabit mwaka 2010 haikutuma mkaguzi kuhesabu mizoga. Malipo yalifuata kipimo cha ukijani wa malisho kilichochukuliwa kutoka angani. Nyasi zikikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa. Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mpango wake wa bima ya mifugo wa aina hiyo mwaka 2015.

Hali ni hiyo hiyo kwa makadirio ya mavuno, ramani za mafuriko na taarifa za ukame. Nyingi ya huduma hizo hutegemea picha za Landsat za Marekani na Sentinel za Ulaya.

Faida ya picha hizo hutokana na njia ambayo chombo hufuata kikizunguka dunia. Wataalamu huiita njia hiyo mzingo. Setilaiti za Sentinel-2 ziko kimo cha kilomita 786 na hupita juu ya sehemu moja mwendo wa saa nne u nusu asubuhi kwa saa za jua. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kukiwa mapema mno, vivuli huwa virefu na mwanga huwa hafifu. Jua likishapanda sana, mawingu ya mchana huanza kujikusanya.

Picha zote zikipigwa saa ile ile, mtaalamu anaweza kulinganisha shamba la mahindi la leo na lilivyokuwa mwezi jana au mwaka jana bila kudanganywa na mabadiliko ya kivuli. Setilaiti mbili za Sentinel-2 zikifanya kazi pamoja, sehemu moja ya ikweta hupigwa picha kila baada ya siku tano. Setilaiti moja ya Landsat huhitaji siku 16 kurudi mahali pale pale.

Siku tano au siku 16 ni tofauti kubwa kwa anayefuatilia viwavi jeshi au ukame. Tofauti hiyo huamuliwa miaka kadhaa kabla ya roketi kuwashwa, katika chumba ambamo watu wanapiga hesabu kwa kompyuta.

MAFUTA NI MTAJI USIOONGEZWA

Setilaiti inayozunguka kimo cha kilomita 500 husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 7.6 kwa sekunde na humaliza duru moja kwa muda wa dakika zipatazo 95. Kwa siku moja hufanya duru 15.

Wakati chombo kinazunguka, dunia nayo inajizungusha chini yake. Kwa hivyo, kikivuka ikweta juu ya Kisumu, katika duru inayofuata hakitarudi Kisumu. Kitavuka ikweta kilomita 2,600 hivi upande wa magharibi, juu ya Gabon. Kituo cha mawasiliano kilicho ardhini nacho hukiona chombo hicho kwa dakika zisizozidi 12 kila kinapopita, na mara nyingi ni chache zaidi ya hizo. Picha zote zinazohitajika lazima ziteremshwe katika dakika hizo.

Jambo gumu kuliko yote ni mafuta. Lori likiishiwa na dizeli Naivasha, dereva hutafuta kituo cha karibu. Setilaiti ya kawaida haina kituo cha kujazia mafuta. Yale iliyoondoka nayo ndiyo mtaji wake wote, na yakiisha haiwezi tena kurekebisha njia yake.

Mfano ufuatao unaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua setilaiti ya kilo 100 yenye injini ndogo inayotumia haidrazini, aina ya mafuta iliyozoeleka angani. Ikiwa imefikishwa kwenye mzingo ulioinama vibaya kwa digrii moja tu, kuurekebisha kutahitaji kubadili kasi kwa mita 133 kwa sekunde. Hilo litakula takriban kilo sita za mafuta. Kosa la digrii moja, ambalo kwenye karatasi halionekani kwa macho, limemeza sehemu ya 16 ya uzito wa chombo kizima.

Ndiyo maana wataalamu wa safari za anga huandaa bajeti ya mafuta kama mkulima makini anavyoandaa bajeti ya msimu: hiki cha kufika, hiki cha kubaki njiani, hiki cha akiba ya dharura na hiki cha kushuka salama mwisho wa kazi. Anayekosea katika bajeti hiyo hapati msimu wa pili.

INAVYOFANYA KAZI

Mtumiaji wa GMAT huanza kwa kuieleza programu juu ya chombo chake: uzito, kiasi cha mafuta, nguvu ya injini, na ukubwa wa sehemu inayopigwa na hewa na mwanga wa jua. Kisha hutaja mahali kilipo na kasi yake wakati wa kuanza.

Baadaye huchagua nguvu zitakazokivuta na kukisukuma. Mvuto wa dunia huja kwanza, lakini dunia si duara kamili. Imefura kidogo katika ikweta na kufura huko huzungusha mzingo polepole. Kuna pia mvuto wa mwezi na jua, msuguano wa hewa nyembamba iliyobaki kimo hicho, na hata msukumo mdogo wa mwanga wa jua. Kila kimoja ni kidogo, lakini kwa miezi na miaka hujumlika.

Hatua ya tatu ni kupanga safari yenyewe kwa mfuatano: songa mbele siku mbili, washa injini, endelea mpaka ufikie kimo fulani, washa tena. Programu hufuata maagizo hayo na kuchora njia kwenye ramani, pamoja na kutoa ripoti ya tarakimu.

Kinachoifanya kuwa chombo cha kupangia ni uwezo wake wa kuanzia mwisho. Mfanyabiashara hodari huanza na faida anayoitaka, kisha hurudi nyuma kutafuta bei ya kununulia. GMAT nayo huelezwa matokeo yanayotakiwa, kwa mfano kuvuka ikweta kwa saa fulani, kisha hujaribu na kurekebisha mara nyingi mpaka ipate ni lini injini iwashwe na kwa nguvu gani. Inaweza pia kuagizwa kutafuta njia inayotumia mafuta machache zaidi.

Mpango wote huhifadhiwa katika faili la maandishi ya kawaida. Mtu mwingine, katika nchi nyingine, akipewa faili hilo anaweza kuliendesha kwenye kompyuta yake na kuona kama atapata jibu lile lile.

SAFARI ZILIZOPANGWA

GMAT si kitu cha kuchezea darasani tu. Ilitumiwa katika kupanga njia ya LCROSS, safari ya NASA iliyoondoka Juni 2009 kwenda kugonga mwezi ili kutafuta maji.

Agosti mwaka huo, hitilafu katika kifaa kimoja ilikifanya chombo hicho kufyatua injini zake ndogo ovyo wakati hakikuwa na mawasiliano na ardhi. Wahandisi walipokipata tena, kilikuwa kimepoteza takriban kilo 140 za mafuta, zaidi ya nusu ya yaliyokuwa yamesalia. Safari haikufa kwa sababu bajeti ilikuwa na akiba. Mnamo Oktoba 9, 2009, sehemu ya juu ya roketi iliyotumika iligonga shimo liitwalo Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na LCROSS ikafuata dakika chache baadaye. Novemba mwaka huo NASA ilitangaza kwamba maji yamepatikana.

Mwaka 2013 programu hiyo ilipitishwa kutumika katika kazi ya kila siku ya kuongoza ACE, chombo kilichorushwa mwaka 1997 kuchunguza upepo wa jua. ACE kiliwekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, mahali ambapo chombo hakitulii chenyewe. Lazima kisukumwe kidogo mara kwa mara, na kila msukumo hupunguza mafuta ambayo hayaongezwi.

Mfano mwingine ni TESS, iliyorushwa Aprili 2018 kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Badala ya kuchoma mafuta mengi kufika kwenye mzingo wake mrefu, ilipitishwa karibu na mwezi Mei 17, 2018, na mvuto wa mwezi ukaisukuma. Mzingo wake wa siku 13.7 ni nusu ya muda ambao mwezi huchukua kuizunguka dunia, mpangilio unaozuia mwezi kuivuruga. GMAT ilikuwa miongoni mwa zana zilizotumiwa kuipanga njia hiyo.

NANI ANALIPA?

Mlipa kodi wa Marekani ndiye aliyelipa. Programu ilihitajika kwa kazi za serikali, na gharama kubwa ya kuiunda ilikuwa tayari imetumika. Swali lililobaki lilikuwa iwapo ifungiwe kabatini au igawiwe.

Hapa ndipo programu inapotofautiana na mazao. Gunia la mahindi likiliwa na nyumba moja haliwezi kuliwa na nyingine. Hesabu iliyoandikwa kwenye kompyuta haipungui. Watu elfu moja wakiichukua, mwenyewe anabaki nayo yote, na gharama ya kumwongezea mtu wa elfu moja na moja ni karibu na bure.

Aliyetoa naye hafaidi sifa pekee. Vyuo vikuu vinapofundisha kwa programu hiyo, shirika hupata wahandisi wanaoijua tayari. Watumiaji wakigundua kosa, hulitaja na hulirekebisha. Kampuni ndogo zinapopanga safari zao kwa zana hiyo hiyo, huwa rahisi kwao kuzungumza na shirika kwa lugha moja ya hesabu.

Historia ya picha za Landsat inaonyesha nguvu ya hatua kama hiyo. Mapema miaka ya 2000, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600 za Marekani. Mwaka mzuri kabisa wa mauzo ulitoa takriban picha 25,000. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamua kuzitoa bure, na ndani ya mwaka mmoja zaidi ya picha milioni moja zilichukuliwa. Haja ilikuwepo siku zote. Bei ndiyo iliyokuwa imefunga mlango.

Leseni ya GMAT, iitwayo Apache, inaruhusu hata biashara. Mtu anaweza kuichukua, kuibadilisha, kuiweka ndani ya bidhaa yake na kuuza, mradi tu aache maelezo ya leseni na ya wenye haki. Ufaransa nako kuna Orekit, maktaba ya hesabu za mizingo ambayo kampuni ya CS iliifanya huria mwaka 2008 chini ya leseni hiyo hiyo. Kampuni hiyo hujipatia kipato kwa kuuza utaalamu, si kwa kuuza programu. Ni kama fundi anayegawa ramani ya nyumba bure lakini analipwa kwa kujenga.

VIPIMO VILIPOKINZANA

Umuhimu wa hesabu zinazoweza kukaguliwa na watu wengine ulidhihirika Septemba 23, 1999. Siku hiyo NASA ilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikifika sayari ya Mirihi.

Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja ya ardhini ilitoa nguvu ya injini kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, ilhali waliopokea tarakimu hizo walizisoma kwa vipimo vya metriki. Tofauti ni zaidi ya mara nne. Chombo kilipita chini mno katika hewa ya Mirihi na kikapotea. Ni sawa na kikundi kimoja kuhesabu mazao kwa debe, kingine kwa kilo, na hakuna aliyeuliza mpaka lori limeondoka.

Programu huria haizuii makosa kwa kuwa huria tu. Inachofanya ni kuondoa kisingizio. Anayetaka kukagua hesabu anaweza kufungua na kuona kipimo kipi kimetumika, kwa fomula gani, na kuirudia mwenyewe.

HALI AFRIKA MASHARIKI

Biashara ya anga si ngeni katika pwani ya Kenya. Kati ya mwaka 1967 na 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mojawapo ilikuwa Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksrei, iliyorushwa Desemba 12, 1970 na kupewa jina hilo kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya.

Lakini kuwa na uwanja wa kurushia si sawa na kuwa na hesabu. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa shirika la anga la Japani na Umoja wa Mataifa. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande, na iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 11, 2018. Kisanduku kama hicho hakina injini, na kimo cha kilomita 400 bado kina hewa kidogo inayokivuta chini. Kiliporomoka mwaka 2020.

Mnamo Aprili 15, 2023 ilifuata Taifa-1, iliyorushwa na roketi ya SpaceX kutoka California baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Ilibuniwa na wahandisi wa kampuni ya Kenya, SayariLabs, pamoja na EnduroSat ya Bulgaria, kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh50 milioni. Lengo lake lilikuwa kupiga picha za kusaidia kilimo, usalama wa chakula na mazingira. Uganda na Rwanda nazo zimekuwa na setilaiti zao ndogo.

Kwa wanunuzi kama hawa, uwezo wa kupiga hesabu nyumbani ni fedha. Chukua hoja inayosikika mara nyingi kwamba Kenya ina bahati ya kuwa kwenye ikweta. Ni kweli kwamba roketi inayoelekea mashariki kutoka ikweta huazimwa na dunia kasi ya mita 465 kwa sekunde bila gharama. Lakini setilaiti za kupiga picha za mashamba kwa saa ile ile kila siku hazielekei mashariki. Huzunguka kupitia karibu na ncha za kaskazini na kusini, na kwa hizo mkopo wa ikweta hauna faida. Anayeulizwa kuwekeza katika uwanja wa kurushia anapaswa kujua setilaiti za wateja zitaelekea wapi.

BURE ISIYO NA DHAMANA

Hata hivyo, programu huria ina gharama zake. Leseni yenyewe inasema wazi kwamba hakuna dhamana. Hesabu ikikosewa na chombo kikapotea, mtumiaji hana wa kumshtaki. Anayenunua programu ya kampuni hununua pia namba ya kupiga simu anapokwama. Wa GMAT hutegemea vitabu vya maelekezo, ambavyo ni vya Kiingereza, na wataalamu wenzake.

Pili, mizani haimfundishi mtu biashara. GMAT humpa jibu kwa kila anayeuliza, hata aliyeuliza vibaya. Bila kuelewa fizikia na hesabu, mtu anaweza kupata ramani ya kupendeza isiyo na ukweli ndani yake. Gharama halisi kwa nchi changa ni kusomesha watu na kuwaweka kazini baada ya kuhitimu.

Tatu, miradi ya aina hii inaweza kukosa walezi. Poliastro, programu huria iliyopendwa na wanafunzi, ilifungwa na waendelezaji wake mwaka 2023. Kwa vile leseni yake iliruhusu, wengine walichukua nakala na kuiendeleza kwa jina jingine. Programu ya kampuni ikifungwa huwa imekwisha. Iliyo huria huacha mbegu, lakini mbegu nayo huhitaji wa kuipanda.

Na zipo hatari ambazo hesabu haiwezi kuzifuta. Februari 2022, SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, kisha dhoruba kutoka kwa jua ikafanya hewa ya juu kuwa nzito kuliko ilivyotarajiwa. Karibu 40 ziliporomoka kabla ya kufika kimo chake.

MASWALI YA KUULIZA

Vyama vya ushirika, serikali za kaunti na kampuni za bima sasa hufuatwa na wauzaji wa huduma za setilaiti kama wanavyofuatwa na wauzaji wa mbolea. Kabla ya kutia sahihi, kuna maswali yanayofaa kuulizwa.

La kwanza, chombo kitapita juu ya eneo letu kila baada ya siku ngapi, na saa ngapi? La pili, msimu wa masika mawingu yakitanda, tutapata picha ngapi zinazosomeka? Setilaiti za rada, kama Sentinel-1, huona kupitia mawingu, lakini za kamera ya kawaida haziwezi. La tatu, chombo kinatarajiwa kudumu miaka mingapi, na kikianguka mapema nani anabeba hasara? La nne, je, picha za bure za Landsat na Sentinel haziwezi kutosha kazi hii?

Swali la mwisho ndilo ambalo miaka 20 iliyopita wachache wangeweza kuliuliza: hesabu hizi zilipigwa kwa programu gani, na mnaweza kutupa faili lake?

Faili hilo linaweza kupelekwa kwa mhadhiri au mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha karibu, naye akaliendesha upya kwenye kompyuta yake. Majibu yakilingana, mnunuzi atalipa akiwa na imani. Yasipolingana, itakuwa nafuu kujua kabla ya hundi kuandikwa kuliko baada ya roketi kuondoka.